Mwalimu wa Eldoret Katika Juma la Mvua na Baridi



Wengi wakaao pwani husikia kwamba Eldoret iko karibu sana na ikweta, nao hudhani kwamba watu wake hawaijui baridi. Ni kweli kwamba ikweta iko karibu. Kutoka mjini hadi kwenye mstari wenyewe hapafiki kilomita 60. Lakini mji huu umejengwa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, mahali palipoinuka kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na kila mtu apandapo mita 1,000 joto la hewa hupungua kwa digrii sita hivi. Kwa hiyo katika mwezi wa Julai, wakati mtu wa Mombasa alalapo kwa shuka moja, mtu wa Eldoret hujifunika mablanketi mawili, na alfajiri huiona pumzi yake ikitoka kinywani kama moshi.

Tena kuna mvua. Mvua za nchi hii huanza mwezi wa Machi au Aprili, nazo huendelea mpaka Septemba. Mkulima huzishukuru, maana mahindi na ngano za Uasin Gishu hulisha sehemu kubwa ya Kenya, na bila mvua hizo maghala yangekuwa matupu. Lakini muhula wa pili wa shule huangukia katika miezi hiyo hiyo. Basi mvua imleteayo mkulima furaha humletea mwalimu kazi ambayo haimo katika kitabu chochote cha masomo.

Mazungumzo haya yahusu maisha ya mwalimu katika juma moja la namna hiyo. Mwalimu atakayetajwa humu hana jina, kwa kuwa si mtu mmoja. Ni mfano uliokusanywa kutoka maisha ya walimu wengi, na hesabu za darasa lake ni za mfano vile vile. Hata hivyo, mzazi yeyote wa Eldoret atakayesikiliza atamtambua mara moja.

JUMATATU

Mwalimu huyu ni mama mwenye mtoto mmoja wa miaka minne, naye amepanga chumba katika mtaa wa Langas. Huamka saa kumi na moja alfajiri. Nguo alizozifua Jumamosi bado zina unyevu, kwa maana jua halikuonekana siku mbili; basi huzikausha kwa pasi ya makaa huku chai ya maziwa ikichemka. Mtoto humwacha kwa jirani. Saa kumi na mbili na nusu hutoka, amevaa viatu vya mpira vya kufika magotini, na viatu vyake vya kazi amevitia katika mfuko wa plastiki. Hatapanda bodaboda, kwa sababu nauli hupanda mara mawingu yakusanyikapo, na pikipiki zenyewe huteleza katika tope. Afikapo penye lango la shule huosha viatu vya mpira katika dimbwi, huvaa vile vya kazi, kisha huingia darasani akiwa safi. Wanafunzi wake hawajui kwamba ametembea saa nzima.

Darasa lake ni la Gredi ya Sita. Rejista ina majina 52. Asubuhi ya Jumatatu ya mvua, baada ya kuita majina yote, huhesabu wanafunzi 37. Kumi na watano hawapo.

Hapa ndipo kazi yake ya juma hilo ianzapo. Mwalimu mvivu angeandika alama ya kutokuwapo mara kumi na tano, akafunga rejista, akasema, “Ni mvua.” Mwalimu huyu haridhiki na jibu hilo. Huwauliza waliokuja habari za wasiokuja, jina kwa jina, naye huandika majibu katika karatasi. Watano hukaa ng'ambo ya kijito kiingiacho mto Sosiani, na maji yamepanda. Wanne wana sare moja tu, nayo haijakauka. Watatu wana kikohozi na homa. Wawili wamebaki nyumbani kulea wadogo zao, kwa kuwa mama zao wamekwenda kufanya vibarua. Mmoja, msichana ambaye hesabu zake huwa za kwanza darasani, hakuna ajuaye habari zake.

Yafaa wasikilizaji waitazame karatasi hiyo kwa makini. Neno ni moja, mvua, lakini sababu ni tano mbalimbali, na kila sababu ina dawa yake. Asemaye “ni mvua” hana la kufanya ila kungoja mvua iishe, nayo haitaisha mpaka Septemba. Lakini ajuaye kwamba watoto wanne wamekosa sare kavu anaweza kuwaleta shuleni siku ya pili.

Ndivyo afanyavyo. Wakati wa mapumziko huenda kwa mwalimu mkuu, naye mwalimu mkuu hukubali kwamba katika juma la mvua mtoto asiye na sare kavu aje na nguo za nyumbani, bila kuulizwa. Habari hiyo hutumwa kwa wazazi kwa simu jioni ile ile.

Kuna pia waliochelewa. Katika zama zilizopita mtoto aliyefika saa mbili na nusu, amelowa na kutetemeka, angekutana na kiboko mlangoni. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001, na mwalimu huyu hakuona hasara kwa hilo. Badala ya kumwuliza mtoto, “Kwa nini umechelewa?” humwuliza, “Umepita njia gani?” Kwa swali hilo hujua wapi maji yamekata njia, na siku ya pili huwaambia wengine wasipite hapo.

JUMANNE

Siku nyingi katika majira haya asubuhi huwa na baridi kali lakini haina mvua. Mawingu huanza kupanda karibu na adhuhuri, na kufikia saa nane mvua hushuka kwa nguvu, pengine pamoja na mvua ya mawe. Nandi Hills, ambayo ni jirani, inajulikana sana kwa mvua ya mawe, na Eldoret nayo hupata fungu lake.

Madarasa mengi yameezekwa kwa mabati, na chini ya mabati hayo hakuna dari. Mvua inapopiga, mwalimu aweza kupaza sauti mpaka koo likauke, lakini mtoto aketiye kiti cha nyuma hasikii neno. Hii ni dakika arobaini au saa nzima kila siku. Kwa juma zima ni masomo mengi. Mwanafunzi wa Gredi ya Sita anangojewa na tathmini ya mwisho wa elimu ya msingi, iliyoanza kufanywa mwaka 2022, na maswali yake hayapunguzwi kwa sababu mtoto anatoka mahali penye mvua.

Mwalimu huyu hakungoja paa lingine. Amebadili mpangilio wa siku kwa kufuata mbingu. Masomo ya kusikiliza, yaani kusoma kwa sauti, imla, hadithi na maelezo ya somo jipya, ameyahamishia asubuhi. Masomo ya macho na mikono, yaani kuandika insha, kuchora ramani na kufanya mazoezi ya hesabu, ameyaacha mchana. Mvua ianzapo, yeye huandika ubaoni kwa herufi kubwa, kisha hupita kati ya madawati akisahihisha kwa kalamu bila kusema. Watoto huzoea upesi, hata wao wenyewe hufungua daftari wasikiapo matone ya kwanza juu ya bati.

Radi nayo ina somo lake. Umeme wa mbinguni umewaua watu wengi katika nchi za nyanda za juu, hasa watu waliojikinga chini ya miti au waliobaki uwanjani. Mwalimu huwafundisha watoto kuhesabu sekunde kutoka wauonapo mwanga hadi wasikiapo ngurumo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Ikiwa hesabu haifiki 30, radi iko karibu ya kudhuru, na kila mtu hana budi kuwa ndani ya nyumba. Baada ya ngurumo ya mwisho hungojwa nusu saa kabla ya kutoka. Mtoto aliyeyajua haya hawezi kukimbilia chini ya mti wa mkaratusi, hata kama mvua inamlowesha.

Kabla ya kuondoka, mwalimu huweka mkebe mtupu wenye pande zilizonyooka katikati ya uwanja, mbali na miti na kuta, akauegemeza kwa mawe usianguke.

JUMATANO

Asubuhi mkebe huletwa darasani, na mwanafunzi mmoja hutia rula ndani yake. Maji yamefika milimita 22. Watoto hucheka, kwa sababu waliona mvua ya kutisha, na kumbe katika mkebe maji hayatoshi hata kunawa uso.

“Basi tupimeni paa,” asema mwalimu.

Wanafunzi hupima darasa kwa hatua na kwa kamba: urefu mita 8, upana mita 6, jumla mita 48 za mraba. Kisha huwaambia siri ya hesabu hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mara 48 kwa 22 ni 1,056. Kwa hiyo juu ya darasa lao peke yake, katika mchana mmoja, zimeshuka lita 1,056 za maji, yaani mitungi 52 ya lita 20 na zaidi. Rejista ina watoto 52. Kila mtoto alipewa na mbingu mtungi mzima, na mtungi huo umemwagika chini, ukaufanya uwanja kuwa tope.

Hapo darasa hunyamaza. Maji ya shule hiyo hununuliwa, au huchotwa mbali. Mwanafunzi mmoja huuliza kwa nini hapana mifereji ya kukinga maji ya paa, ile ambayo mafundi huiita gata. Mwalimu hamjibu; humwambia aiandike hesabu hiyo vizuri katika karatasi kubwa, pamoja na swali lake, ili isomwe na wazazi siku ya Ijumaa.

Jumatano ndiyo siku ambayo kikohozi huenea. Mvua ya upepo huingia madirishani, watoto huyafunga, na vichwa arobaini huvuta hewa moja tangu asubuhi hadi jioni. Watu wengi huamini kwamba baridi yenyewe ndiyo iletayo homa ya mapafu. Baridi humdhoofisha mtu, lakini ugonjwa huletwa na vijidudu, na vijidudu hupenda chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Kwa hiyo mwalimu huacha wazi madirisha ya upande usiopigwa na upepo, huwasogeza watoto mbali nayo, na kila baada ya somo huwaamuru wasimame, waruke mahali pao na kupiga makofi mpaka mwili upate joto.

Maji ya kunywa nayo hayafai kusahauliwa. Mvua nyingi huzisomba taka za vyooni na kuzipeleka visimani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya visima vifupi vya Langas ulionyesha kwamba vingi vilikuwa na vijidudu vitokavyo katika kinyesi, na kwamba vingi vilichimbwa karibu mno na vyoo. Mwalimu huyu hukaa Langas, naye anajua maji hayo yana sura gani: ni meupe na matamu. Sura haitoshi, maji na yachemshwe.

Jioni ya Jumatano mwalimu hufika nyumbani na kumkuta mtoto wake mwenyewe ana joto mwilini na anakohoa. Hapo yeye si mwalimu tena, ni mama kama mama wengine. Huinua fulana ya mtoto, hushika simu yenye saa, na huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika moja ni dalili ya homa ya mapafu, na kifua kikibonyea chini ya mbavu kila avutapo hewa, hali ni mbaya, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Mwalimu huhesabu 32. Humpa mtoto maziwa moto, humfunika, humsikiliza usiku kucha, na saa kumi na moja alfajiri huamka tena. Daftari alizozibeba kusahihisha zimebaki mezani, nusu yake.

ALHAMISI

Usiku wa kuamkia Alhamisi mvua hunyesha bila kukoma. Jina la Eldoret lenyewe husemwa kwamba linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, na mto huo ni Sosiani. Siku za kiangazi mawe yake huonekana, na watoto huyakanyaga wakivuka. Siku kama hii mawe hayaonekani. Kuna maji ya rangi ya udongo tu, na vijito vyote viingiavyo mtoni vimejaa.

Ni jambo la kusikitisha kwamba kila mwaka, katika sehemu mbalimbali za Kenya, watoto huchukuliwa na maji wakienda au wakitoka shuleni. Mtu mzima mwenye nguvu akiingia katika maji yaendayo kasi, yakamfika magotini, aweza kuangushwa. Sembuse mtoto mwenye mkoba mgongoni. Mwalimu amewaambia watoto wa ng'ambo maneno mawili tu: asivuke mtu peke yake, na mahali ambapo chini hapaonekani hapavukwi. Tena amezungumza na mzee mmoja wa upande ule, aliyestaafu kazi, naye mzee amekubali kuwakusanya watoto watano kila asubuhi na kuwapitisha kwenye daraja la barabara kuu. Njia hiyo ni ndefu kwa nusu saa, lakini ina daraja. Siku hiyo ya Alhamisi, watano wote wamo darasani.

Amebaki yule msichana mmoja. Masomo yaishapo, mwalimu huvaa viatu vya mpira na kwenda kwao, akiongozwa na mwanafunzi mwenzake.

Nyumba ni ya chumba kimoja, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia. Mwalimu hubisha.

“Chamgei, gogo,” amsalimu bibi aliyefungua.

“Missing, mwalimu. Ingia ndani upesi, mwanangu, baridi hii si ya kusimama nje.”

Ndani kuna joto zuri. Katikati ya sakafu kuna jiko la makaa mekundu. Msichana amelala kitandani, na ndugu yake mdogo yuko ubavuni pake.

“Tangu Jumapili anaumwa kichwa,” asema gogo. “Asubuhi anaamka ana kizunguzungu, na chakula anatapika. Mimi mwenyewe kichwa kinanigonga. Nilisema ni malaria.”

“Gogo, jiko hili linalala humu ndani?”

“Linalala. Watoto wanasikia baridi.”

Mwalimu haketi. Hufungua mlango wazi kabisa, huvuta gunia dirishani, huliinua jiko kwa kitambaa na kulitoa nje, kisha huwaleta watoto barazani wapate hewa. Gogo hushangaa, pengine hata hukasirika kidogo, kwa maana si adabu mgeni kuondoa moto wa mwenyeji. Ndipo mwalimu humweleza kwa upole.

Makaa yawakapo katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na haiwashi macho kama moshi wa kuni. Kwa hiyo mtu haioni hatari yake. Iingiapo mapafuni, hukaa katika damu mahali pa hewa safi, na mwili hukosa hewa ilhali mtu anapumua. Ikiwa kidogo, huleta kichwa, kizunguzungu na kutapika. Ikiwa nyingi, mtu hupata usingizi, naye haamki. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo watu huyaona kuwa salama, na ndiyo hayo hayo yauayo.

“Basi tungekufa?” auliza gogo.

“Mungu amewalinda, gogo. Lakini leo jiko lisilale ndani.”

Wote watatu hupelekwa zahanati jioni ile kwa gari la jirani, ili wapimwe. Msichana humwuliza mwalimu hesabu wamefika wapi. Mwalimu humpa daftari la mwenzake akanakili.

IJUMAA

Ijumaa saa nne, wazazi wapatao ishirini hukutana katika darasa la Gredi ya Sita, baadhi yao wakiwa wamejifunika mifuko ya plastiki vichwani. Mwalimu hawasomei hotuba. Huonyesha rejista: Jumatatu walikuwapo 37, leo wapo 47. Watano wamevushwa kwa daraja, wanne wamekuja na nguo za nyumbani, na msichana mmoja amerudi. Watatu bado wanaumwa, nao wasiletwe mpaka wapone. Wawili wangali wanalea wadogo zao nyumbani.

Juu ya hao wawili mashauri huwa marefu. Elimu ya msingi katika shule za serikali haitozwi ada tangu mwaka 2003, lakini mama anayetafuta kibarua cha siku hawezi kumwacha mtoto mchanga peke yake. Mama mmoja husema kwamba yeye hushinda nyumbani, naye aweza kumpokea mmoja. Wa pili hapatiwi jibu. Mwalimu huandika jina lake tena katika karatasi ya juma lijalo.

Kisha mwanafunzi husimama na kuisoma hesabu ya paa: mita 48 za mraba, milimita 22, lita 1,056. Wazazi hukaa kimya kidogo. Fundi mmoja kati yao husema kwamba hesabu ni sahihi, ila sehemu ya maji hupotea kwa kuruka na kumwagika, na kwamba maji ya kwanza ya mvua lazima yaachwe yaoshe paa. Lakini hata yakipotea sehemu mbili katika kumi, mitungi zaidi ya 40 hubaki. Yeye atafunga mifereji bila malipo, ikiwa mabati yatanunuliwa. Siku hiyo hiyo michango huanza, wengine kwa simu, wengine kwa noti zilizolowa. Fedha hazitoshi mifereji ya madarasa yote. Zatosha darasa moja.

Jioni umeme hukatika mtaani, kama ilivyo kawaida wakati wa dhoruba. Mwalimu huwasha taa ya sola na kumaliza daftari zilizobaki tangu Jumatano. Mtoto wake amelala, joto limepungua. Jiko liko nje ya mlango, limefunikwa na bati.

Wasikilizaji wapendwa, yaliyosimuliwa hapa hayakuhitaji fedha nyingi. Yalihitaji mtu mmoja aulize kila mtoto yuko wapi na kwa nini, na wengine wakubali kushika sehemu yao. Mwalimu hawezi kuwa mwalimu, mvushaji, mganga na fundi, yote kwa pamoja. Basi kila mzazi na ayashike mambo manne yafuatayo katika majira haya.

Kwanza, mtoto asizuiliwe nyumbani kwa sababu ya sare iliyolowa. Mzazi na azungumze na mwalimu. Mara nyingi ruhusa hupatikana.

Pili, watoto wavukao mito waende kwa kundi, pamoja na mtu mzima, na kwa njia yenye daraja, hata ikiwa ni ndefu.

Tatu, jiko la makaa litumike mahali penye hewa, nalo litolewe nje kabla ya watu kulala. Katika nyumba ambamo watu wawili au watatu waamka na kichwa kwa pamoja, na wapatapo hewa ya nje huona nafuu, jambo la kwanza kushukiwa ni jiko. Watoke nje mara moja, kisha waende zahanati.

Nne, maji ya kunywa yachemshwe, na mtoto apumuaye kwa haraka apelekwe kwa mganga siku ile ile.

Mji wa Eldoret, ulioanza kwa posta ndogo katika shamba namba 64 mwaka 1910, ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2024. Una Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, na hospitali kubwa ya rufaa. Lakini mtoto haanzii chuo kikuu. Huanzia katika darasa lenye paa la bati, na siku alizozikosa mwezi wa Julai hazirudishwi mwezi wa Oktoba wakati jua linapowaka. Jumatatu saa mbili asubuhi rejista itafunguliwa tena na majina 52 yataitwa. Mzazi aliye na mtoto katika orodha hiyo na aangalie Jumapili jioni kama viatu vimekauka.